Makaburi ya wafalme wa China: Xi'an, Beijing, au hapohapo Guangzhou?

Mzigo umeshalipiwa, kiwanda kimesema "siku mbili tatu", na wakala hapokei simu yako kwa sababu anapokea za wateja wengine. Yeyote aliyewahi kufuata bidhaa Guangzhou anazijua siku hizo. Wengi wetu tunazimaliza Xiaobei, mtaa wa Waafrika jijini humo, tukila wali kwa bei inayouma na kuulizana habari za kontena. Mimi niliishi hivyo safari tatu. Ya nne nikachoka, nikaanza kwenda kutazama makaburi.

Tangu hapo kila anayesikia naenda China ananiuliza swali moja: wale askari wa udongo wa Xi'an wanastahili nauli, au kuna kaburi la karibu zaidi? Jibu langu hutegemea anayeuliza. Kwa hiyo naweka hapa makaburi matatu niliyoyatembelea zaidi ya mara moja, na la nne ambalo watu hulipita wakikimbilia uwanja wa ndege.

Kabla hujakata tiketi ya treni, jiulize unachotaka kukiona hasa. Watu husema "kaburi la mfalme" wakidhani kaburi na hazina zake vinakaa pamoja. Mara nyingi havikai. Xi'an utaona jeshi la mfalme lakini kaburi lake hulioni. Beijing utashuka mpaka chumba alichozikwa, ila hazina zilishatolewa. Guangzhou utapata kaburi na hazina mlango kwa mlango, lakini ni padogo, na mfalme mwenyewe hakuwa mkubwa kama alivyojiita.

Xi'an: jeshi lipo, mfalme bado kafunikwa

Machi 1974 wakulima wa kijiji cha Xiyang, huko Lintong nje ya mji wa Xi'an, walikuwa wakichimba kisima wakati wa ukame. Badala ya maji wakafukua vipande vya watu wa udongo, jeshi la sanamu lililozikwa kumlinda mfalme Qin Shi Huang. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1979, na shimo la kwanza peke yake lina urefu wa mita 230 na upana wa mita 62, limeezekwa paa kama la karakana ya ndege. Inakadiriwa shimo hilo lina askari 6,000 hivi. Ukijumlisha na mashimo mengine wanafika 8,000, na wengi wao bado wamo udongoni.

Picha zao nilikuwa nimeziona tangu shule. Hata hivyo nilipotokea mlangoni nilinyamaza. Wanasimama safu kwa safu wakitazama mashariki, kila mmoja na uso wake, kama kikosi kinachosubiri amri ambayo aliyepaswa kuitoa amekufa.

Tatizo ni kwamba uko juu yao, kwenye ukingo, na mbele yako kuna mistari mitatu ya watu walionyanyua simu. Ushauri wangu: usigombanie pale mbele. Pitia ubavuni uende mpaka nyuma, ambako wengi hawafiki kwa sababu wameshapiga picha yao. Huko ndiko kazi inakofanyika. Utawaona askari wasio na vichwa, mikono imelazwa chini, miguu imefungwa mikanda ili gundi ishike. Karibu wote walikutwa wamevunjika vipandevipande, na hao unaowaona wamesimama wamefumwa upya na mafundi. Mimi nilikaa huko kuliko mahali pengine popote.

Ukitoka hapo nenda shimo la pili, ambako wachache wamewekwa ndani ya vioo na unaweza kuwasogelea. Mtafute mpiga upinde aliyepiga goti moja. Zunguka nyuma yake uitazame soli ya kiatu. Fundi kachonga nukta za ushonaji, zimebanana kwenye vidole na kisigino, zimeachana katikati, kama soli halisi inavyoshonwa. Miaka 2,200 iliyopita, kwenye sanamu iliyokuwa inaenda kufukiwa gizani! Pia tazama mabaki ya rangi. Askari hawa hawakuwa na rangi ya vumbi tunayoijua. Walipakwa nyekundu, kijani, zambarau, juu ya utomvu wa mti, na utomvu ule ukikutana na hewa kavu hujikunja na kubanduka ndani ya dakika chache. Hiyo ni sababu mojawapo ya wachimbaji kwenda polepole.

Hazina kubwa ya Xi'an kwa maoni yangu wala si askari. Ni magari mawili ya shaba nyeusi yanayokokotwa na farasi wanne kila moja, yaliyopatikana mwaka 1980. Yametengenezwa kwa nusu ya ukubwa wa kawaida, kila moja lina uzito unaozidi tani moja, la pili lina vipande zaidi ya 3,000, na farasi wamevishwa vipambo vya dhahabu na fedha. Zamani yalikuwa karibu na mashimo. Sasa yana jengo lao upande wa bustani ya Lishan, ambako kuna basi la kukupeleka. Watu wengi hurudi mjini bila kujua kwamba tiketi yao inawaruhusu kuingia huko.

Bustani hiyo ndiyo yenye kilima cha mfalme mwenyewe, Qin Shi Huang, aliyeiunganisha China mwaka 221 KK na kufa mwaka 210 KK. Kilima utakiona, kimeota miti, na basi. Hakijafukuliwa. Mwanahistoria Sima Qian, aliyeandika karne moja hivi baadaye, alisema watu 700,000 walitumikishwa katika ujenzi, na kwamba chini kuna mito ya zebaki na pinde zilizotegwa kuwachoma wezi. Vipimo vya udongo wa kilima vimeonyesha zebaki nyingi kupita kawaida. Kwa hiyo ukisimama pale unatazama mlima wa udongo huku ukijua yaliyo chini yake. Wapo wanaoridhika na hilo. Mke wangu aliuliza, "Ndiyo hii tu?"

Na jihadhari na madereva wa nje ya stesheni. Mara yangu ya kwanza dereva alinipeleka kwenye jengo lenye mfano wa kaburi uliotengenezwa juzi juzi, nikalipa kiingilio, nikatoka nikishangaa mbona askari wanafanana na wa dukani. Askari wenyewe walikuwa mbele zaidi. Panda metro mstari wa 9 mpaka Huaqingchi, kisha basi la umma, huwezi kupotea.

Beijing: unaingia, lakini nyumba tupu

Kaskazini ya Beijing, Changping, kuna bonde lenye makaburi 13 ya wafalme wa ukoo wa Ming. Moja tu ndilo lililofukuliwa kwa makusudi: Dingling, la mfalme Wanli, aliyetawala kuanzia 1572 hadi 1620. Hapa unapata kile unachonyimwa Xi'an. Unashuka ngazi mpaka mita 27 chini ya ardhi, unapita kwenye milango ya marumaru ambayo kila ubao wake ni jiwe zima, unaingia kwenye kumbi zenye dari ya mviringo, baridi hata Julai.

Halafu unakuta masanduku mekundu, na masanduku yale ni ya mfano tu.

Habari ya Dingling ni ya kusikitisha, na kwangu ndiyo inayopafanya pawe pa maana. Wanaakiolojia walifukua mwaka 1956 na 1957, wakatoa vitu zaidi ya 3,000: mataji, vyombo vya dhahabu, marobota ya hariri. Hawakuwa na ujuzi wa kuihifadhi hariri ile ikishakutana na hewa, na nyingi ikakauka na kuharibika. Majeneza ya asili yalitupwa. Mwaka 1966, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, mifupa ya mfalme na malkia wake wawili ilitolewa nje ikachomwa moto. Baada ya hapo China ikawa na msimamo wa kutofukua kaburi la mfalme kwa hiari. Ukiuliza Xi'an kwa nini kilima kile hakiguswi, sehemu kubwa ya jibu iko hapa Dingling.

Kwa hiyo anayeenda Dingling kutafuta dhahabu atarudi na maumivu ya magoti. Taji la malkia Xiaoduan, mmoja wa wale wawili, lile lenye majoka ya dhahabu na ndege wa manyoya ya buluu, liko Makumbusho ya Taifa katikati ya jiji, karibu na uwanja wa Tiananmen. Kiingilio ni bure ila lazima uweke nafasi mapema kwa pasipoti. Ukilinganisha mwendo wa kilomita zaidi ya 40 kwenda Changping na metro ya kwenda Tiananmen, basi kama shida yako ni hazina, usihangaike na Changping.

Lakini kama umetoka pwani yetu, kuna sababu nyingine ya kwenda bondeni, na wala si Dingling. Ni Changling, kaburi la mfalme Yongle wa Ming, kubwa na kongwe kuliko yote 13. Halijafukuliwa, huwezi kushuka chini. Utakachopata ni ukumbi wa ibada ulioshikwa na nguzo 60 za mti wa nanmu, nene hata ukizikumbatia mikono haikutani. Aliyelala nyuma yake ndiye aliyetuma majahazi ya amiri Zheng He baharini, na mwaka 1415 alipokea twiga kutoka kwa wajumbe wa Malindi. Wachina wakamwita mnyama yule qilin, kiumbe wa baraka wa hadithi zao. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba sarafu ya enzi yake imepatikana kisiwani Manda, Lamu. Mimi nilisimama chini ya nguzo zile nikimfikiria twiga. Wengine wote walikuwa wanapiga picha dari.

Guangzhou: kaburi dogo lenye kila kitu

Sasa twende kwenye lile ambalo wafanyabiashara wetu wanalipita kila siku bila kujua.

Mwaka 1983 kilima cha Xianggang, katikati ya jiji la Guangzhou, kilikuwa kinasawazishwa ili yajengwe majumba. Mashine zikafika kwenye mawe. Chini yake, mita 20 hivi kutoka kilele cha zamani, kulikuwa na kaburi la Zhao Mo, mfalme wa pili wa Nanyue, dola iliyotawala kusini mpaka ilipomezwa na Wahan, ukoo uliotawala China baada ya Qin, mwaka 111 KK. Mbele ya watawala wa Han alijifanya kibaraka, lakini nyumbani alijiita mfalme mkuu. Ushahidi alizikwa nao: muhuri wa dhahabu wenye uzito wa karibu gramu 150, juu yake joka amejikunja kuwa mshikio, chini maandishi "Muhuri wa Mfalme Mkuu Wen". Ni mdogo, unaenea kiganjani. Uongo wa utawala mzima umo mle.

Tofauti na Xi'an, hapa unaingia kaburini kwa miguu yako. Vyumba saba vya mawe, vyembamba, mtu mrefu anainama. Tofauti na Dingling, ukitoka unaingia jengo la jirani, na vilivyokuwa ndani viko mbele yako kwenye vioo. Pamoja na mfalme walizikwa watu 15: masuria, wapishi, mlinzi, mpiga muziki. Ukishapita kwenye vile vyumba ukajua ulivyobana mle ndani, idadi hiyo inakukaa kooni.

Vazi la maiti ndilo linalovuta watu. Vibao 2,291 vya jade, jiwe la thamani, vimeunganishwa kwa nyuzi za hariri nyekundu kuanzia utosini mpaka vidoleni, kwa imani kwamba jade huzuia mwili usioze. Mwili ulioza, vazi likabaki. Niseme ukweli: ni zuri, lakini mimi nilivutwa na vitu vya jikoni. Kuna jiko la shaba la kuchomea mishikaki, pana kama sinia, na ubavuni wameweka vinguruwe vidogo vya kushikia vijiti. Mtu yeyote wa Forodhani angelitambua kwa kulitazama tu, ingawa wale nguruwe wangemkwaza.

Kisha kuna upande unaotuhusu. Ndani ya kaburi zilikutwa pembe tano za ndovu, ndefu kuliko zote ikipita mita moja, ambazo watafiti walizitambua kuwa za tembo wa Afrika. Kulikuwa na kisanduku cha fedha cha mtindo wa Kiajemi. Na kulikuwa na ubani, ule ule tunaoufukiza, ambao mti wake haumei China. Humea Dhofar huko Oman, Somalia na nchi za jirani. Usitarajie pembe nyeupe za kung'aa, miaka zaidi ya 2,000 ardhini imezila. Lakini mimi niliyekuja Guangzhou kuchukua mzigo wa kupeleka Afrika, nilisimama mbele ya mzigo uliotoka Afrika kuja Guangzhou kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Nilicheka peke yangu, mlinzi akanitazama.

Ubaya wake? Nimeshasema, padogo. Saa mbili zinatosha, na mtoto wa miaka minane atachoka kabla yako. Hakuna ule mshtuko wa shimo la kwanza la Xi'an, na maelezo mengi yanahitaji usome.

La nne, njiani kwenda uwanja wa ndege

Ukiwa Xi'an na watoto, usikose Yangling, kaburi la mfalme Jing wa Han aliyekufa mwaka 141 KK. Liko karibu na uwanja wa ndege wa Xianyang. Unavaa mifuko ya plastiki juu ya viatu, unatembea juu ya sakafu ya kioo, na mitaro iko chini ya miguu yako. Hakuna majitu hapa. Watu wa udongo wana urefu wa sentimita 60 hivi, uchi, bila mikono, kwa kuwa mikono ilikuwa ya mbao na nguo za hariri, vyote vikaoza. Na mifugo! Nguruwe, mbuzi, ng'ombe, mbwa, kuku, wamepangwa kama wanaenda mnadani. Qin Shi Huang alienda ahera na jeshi. Huyu alienda na zizi. Kwenye mitaro yake ndiko pia yalikokutwa majani ya chai yaliyothibitishwa kuwa chai, na utafiti uliotoka 2016 uliyataja kuwa ya kale kuliko yote yaliyokuwa yamepatikana hadi wakati huo. Kwa nafasi, ukimya na ukaribu, Yangling linaishinda Lintong. Kwa ukubwa, hapana.

(Watakuambia pia kuhusu Qianling, la malkia Wu Zetian na mumewe Gaozong. Lina sanamu 61 za wajumbe wa kigeni, karibu zote hazina vichwa, na liko mbali. Nenda kama una siku ya ziada.)

Pesa, muda na msongamano

Nilipoenda mara ya mwisho, tiketi ya jeshi la udongo ilikuwa yuan 120, ya kaburi la Guangzhou yuan 10. Hiyo ndiyo sehemu rahisi ya hesabu. Kutoka Guangzhou mpaka Xi'an ni safari ya siku nzima kwa treni ya kasi au saa mbili na nusu kwa ndege, kwa hiyo hesabu nauli na usiku mmoja au miwili ya hoteli. Kaburi la Zhao Mo liko kituo cha Yuexiu Gongyuan, mstari wa 2. Ukiwa Sanyuanli ni vituo viwili. Ukiwa Xiaobei unapanda mstari wa 5 kituo kimoja, unabadilisha stesheni kuu, kimoja kingine umefika.

Kote huko beba pasipoti yenyewe, nakala haikubaliki kila mahali, na uwe umeshaunganisha kadi yako na programu ya malipo ya simu kabla hujatoka hotelini. Makumbusho mengi ya China hufungwa Jumatatu, ya Lintong hufunguliwa. Na wale wanaowahi Maonyesho ya Canton, yale ya biashara ya Guangzhou, ya Oktoba: ukifika kati ya tarehe 1 na 7, China yote iko likizo. Usiende Xi'an wiki hiyo. Nakuomba.

Kwa hiyo: ukiwa na siku tatu na wenzako hawajawahi kufika China, nenda Xi'an, Lintong siku moja na Yangling asubuhi ya kuondoka, jioni mle paomo kwenye mtaa wa Waislamu. Unamegea mkate wako kwenye bakuli, mhudumu anauchukua, unarudi umezama kwenye mchuzi wa kondoo. Ukiwa Beijing kwa shughuli nyingine, liangalie taji mjini. Bondeni nenda kwa ajili ya Yongle. Ukiwa na mchana mmoja tu, mzigo haujafungwa, wakala hapokei, shuka Yuexiu Gongyuan.

Chagua Ijumaa ukiweza. Ingia asubuhi, tazama lile jiko la mishikaki bila haraka, kisha utoke ufuate barabara hiyohiyo ya Jiefang Bei kuelekea kaskazini, mpaka msikiti ambao mapokeo yanauhusisha na sahaba Saad bin Abi Waqqas. Nje yake siku hiyo wanachoma nyama ya kondoo kwenye vijiti, na moshi utakufikia kabla hujaliona lango.